Mstari Kwenye Ukuta Wangu

Mwaka ziwa lilipoingia mtaa wetu wa Ruziba, hapa Bujumbura, mara ya kwanza, mkuu wa mtaa alipita na kopo la rangi nyekundu akachora mstari kwenye kila ukuta, pale maji yalipofika. Kwangu yalifika kifuani. Kifuani kwangu mimi, si kwa mkuu wa mtaa, maana yule ni mfupi, angezama hata kwenye beseni. Maji yaliposhuka tukasikia tangazo: kamati inakuja, na nyumba ambayo mstari wake umepita kizingiti cha dirisha itabomolewa, wenyewe wahamie mbali na ziwa.

Nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini tangazo nililielewa. Kesho yake nikachukua mchanga na gunia kuukuu, nikasugua mstari mpaka ukatoka, nikachora mwingine usawa wa goti. Rangi alinikorogea jirani yangu Jovithe, huku anacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi Doro, paka na majivu kidogo, maji yanaachaga uchafu."

Nikapaka majivu. Ukawa mstari mzuri, wa kuaminika kuliko ule wa kweli.

Kamati ikaja, ikatazama, ikapita. Nyumba sita za jirani zikabomolewa. Ya Jovithe, iliyokuwa ya miti, maji yalishaibeba, naye akajenga nyingine nyuma yangu, mpya, isiyo na mstari wowote. Ikabaki yangu kando ya ziwa kama jino la mwisho.

Miaka miwili baadaye chama cha wavuvi kikapata msaada wa kujenga chumba cha barafu, ili mikeke, samaki wetu wa ziwani, isiwe inaozea juani. Michoro ikapewa ofisi moja ya mjini, mtaa wa Asiatique, ghorofani juu ya duka la sufuria. Mwenye ofisi ni mtu wa Bukavu, bwana Namegabe. Akamtuma mwanagenzi wake kuja kupima.

Alikuwa binti wa miaka ishirini, Thuwaiba, mtoto wa Sultani muuza vitambaa. Ushungi mweupe, buti kubwa kuliko miguu, na begani chombo cha kupimia cha miguu mitatu.

"Salamu alekum, Bibi. Mi ni stajiere wa bwana Namegabe. Natafuta alama ya maji."

"Alekum salamu. Na hiyo miguu mitatu nilifikiri umekuja kupiga picha za harusi. Nikataka kukimbia kutafuta bwana."

Akacheka. Mtoto yule alicheka kwa meno yote. Nikamuuliza kwa nini hakai dukani kwa baba yake, kwenye kivuli.

"Dukani kuna kaka zangu watano, Bibi. Mi nataka kuchora. Imebaki mwaka mmoja, patroni asaini karatasi yangu, niwe fundi-mchoraji kamili. Unajua hii kazi? Mwashi anajenga kile nimeandika. Nikiandika sentimeta thelathini, atajenga thelathini, hata malaika ashuke aseme arobaini."

"Basi we ni mkubwa kuliko malaika."

"Astaghafiru, Bibi!" Akafungua daftari. "Patroni anasemaga, alama moja ni umbea, mbili ni habari, tatu ndiyo kipimo. Hapa naona moja tu. Zingine ziko wapi?"

"Zilibomolewa pamoja na kuta zake."

Akainama kwenye mstari wangu, akaugusa kwa kidole. "Na maji yalifika hapa kweli?"

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu. Lakini niliwaza ile karatasi yake: itapanda ghorofani, itashuka, itaenda kwa wavuvi, kutoka kwa wavuvi hakuna kinachoshindwa kufika kwenye kamati. Nikamwambia, "Hapa hapa, mwanangu. Niliosha sahani siku tatu bila kwenda kuchota maji."

Akacheka, akaandika. Jovithe akawa anapita na bidoni ya maji, Thuwaiba akamwita. "Kaka, samahani, mwaka ule ziwa lilifika hapa kwa Bibi?"

Jovithe akaniangalia. Akauangalia mstari aliokoroga rangi yake mwenyewe.

"Bibi akisema goti, ni goti," akasema. "Mi nitamubishia mukecuru mbele ya mugeni?"

Kwetu hakuna anayembishia mkongwe mbele ya mgeni. Hata akisema ng'ombe ana mbawa, unauliza tu zina rangi gani. Thuwaiba akaandika: ukuta, mwenye nyumba, jirani. Tatu. Kwa hesabu ya mwalimu wake alikuwa amemaliza kazi vizuri. Nikampa viazi vitamu vya kuchemsha, akala akinionyesha jinsi ya kuchungulia kwenye chombo chake. Niliona mlima wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, umekaa kichwa chini, nikasema ni haki yake.

Chumba kikachorwa, kikajengwa. Sakafu ikawekwa sentimeta thelathini juu ya uongo wangu, na sanduku la umeme chini, karibu na mota ya barafu. Siku waashi walipovuta kamba ya usawa wa sakafu nilikaa mlangoni nikapaona kwa macho yangu mahali ilipopita. Nikajiambia ziwa halitarudi, lilishakula, limeshiba. Kudanganya kamati kulinichukua asubuhi moja. Kujidanganya mwenyewe nilikufanya kila siku, bila kuchoka.

Jovithe akaajiriwa mlinzi wa chumba. "Bibi," akawa ananitania, "goti lako limenipa kazi."

Aprili ziwa likarudi. Siku ya tatu, Jumapili, wakati wa kutoka kanisani, maji yalikuwa yamefika tumboni na bado yanapanda. Jovithe akaingia kuokoa makreti ya samaki. Mke wake, Odette, alikuwa juu barabarani na mtoto mkononi, anapiga kelele, "Acha hayo masamaki! Jovithe, acha!" Jovithe akamjibu kitu, hatukusikia. Akaanguka bila kulia. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye sanduku. Tulisimama tukimwona anaelea kifudifudi na hakuna aliyethubutu kutia mguu majini mpaka umeme ukatwe. Ilikuwa karibu saa nzima. Sitawaeleza zaidi.

Tulipozika, lawama ikatafuta mtu wa kumkalia. Chama cha wavuvi kikasema: aliyepima ni yule stajiere. Ukaitishwa mkutano Jumatatu ofisini kwa Namegabe, na habari ikafika Ruziba kabla ya siku yenyewe: binti atafukuzwa, karatasi yake haitasainiwa, na hakuna ofisi Bujumbura nzima itakayompa kalamu tena.

Aliyeniletea habari ni Odette. Alikuja na bakuli la uji, maana tangu maji yaingie sikuwa na jiko. "Kunywa, Bibi Doro. We peke yako ndiyo ulikuwa rafiki yake." Kisha akasema, "Kale katoto ka Waarabu kameua bwana wangu na kalamu."

Nikanywa uji. Niliumaliza wote, na bakuli nikaliosha.

Jumatatu nikavaa kitenge cha msibani nikaenda Asiatique. Ngazi za ile ofisi ni ishirini na moja; nilizipanda nikipumzika kila ya tano, nikiomba walau moja ivunjike. Ndani walikuwa wazee watatu wa chama, Odette, na Namegabe nyuma ya meza kubwa ya michoro. Thuwaiba alisimama ukutani, daftari kifuani. Hakuwa analia.

"Mama, unatafuta nani?" akauliza Namegabe.

"Nimeleta alama iliyopotea."

Wakadhani ni mzaha, mzee mmoja akaanza kutabasamu. Nikawaambia yote: gunia, mchanga, rangi, majivu. Nilipofika penye nani aliyekoroga rangi nikasita. Odette alikuwa ananitazama. Nikasema nilikoroga mwenyewe. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho kwa ajili ya Jovithe, na siutubu.

Chini dukani mtu alikuwa anagonga sufuria kuonyesha mteja kwamba ni nzito.

"Unajua kamati itafanya nini na nyumba yako?" Namegabe akauliza.

"Najua. Nimesoma mpaka la sita."

Akanisogezea karatasi. Nikaandika kwa mkono wangu, polepole, makosa yote humo ndani. Akaisoma mara mbili, akawageukia wazee. "Huyu mutoto alifanya vile nilimufundisha. Alama tatu. Sikumufundisha kwamba watu watatu wanaweza kuwa uongo moja. Hilo ni langu. Anabaki."

Thuwaiba akamwambia, kwa sauti ndogo, "Patroni, chombo kilikuwa begani kwangu. Ningeweza kutembea nikatafuta wale waliohamishwa, niwaulize. Nilikula viazi."

Odette akasimama akapita mbele yangu akashuka. Nikahesabu hatua zake ngazi zote ishirini na moja.

Kamati haikuchelewa. Siku ya nane ukutani pangu pakapigwa msalaba mwekundu, mkubwa, bila ustadi wowote. Nikapewa siku tatu nihame. Siku ya pili Thuwaiba akaja na miguu yake mitatu. Chumba kitachorwa upya, palipo juu zaidi. Maji ya Aprili aliyaona mwenyewe, unyevu ulikuwa bado kwenye ukuta. Alitaka yale ya kwanza, yaliyokuwa makubwa zaidi.

"Salamu alekum," akasema, basi.

Nikaenda kwenye ukuta, nikaweka kiganja juu yake, usawa wa kifua changu, pale pa ukweli. "Hapa, mwanangu. Haki ya Mungu."

Hakuinamia chombo. "Apana, Bibi. Nawasubiri wengine."

Wakaja watatu, majirani zangu wa zamani wa zile nyumba zilizobomolewa, aliowatafuta huko juu walikohamishiwa. Akawauliza mmoja mmoja, kila mtu peke yake, mbali na mwenzake na mbali na mimi. Odette akaja wa mwisho. Akasimama karibu yangu kabisa, nguo zetu zikagusana, hakunisalimu. Akainua kidole akakiweka kwenye ukuta, juu zaidi, akaupita mkono wangu kwa upana wa kiganja kizima.

"Hapa," akamwambia Thuwaiba. "Nilipita hapa na mutoto mugongoni. Maji yalifika kwenye mudomo wake."

Thuwaiba akaandika. Akalinganisha na maneno ya wale watatu, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi kumbe kifua changu kilifika hapo juu, nilikuwa mrefu," nikasema, "nimepungua kwa kusema uongo."

Hakuna aliyecheka. Odette alishaanza kuondoka. Thuwaiba akafumba jicho moja nyuma ya chombo, akangoja, akafumbua.

"Bibi, tafazali toka kwenye ukuta. Unanizibia."