Aliyebaki Majini

Birika la ubatizo lilikuwa nyuma ya kanisa, na Jumapili hiyo lilijazwa kwa mpira uliovutwa kutoka kwa jirani, maana bomba la kanisa lilikuwa na mambo yake. Mwalimu wa kwaya aliingia na kanzu nyeupe iliyokuwa fupi kwake. Mchungaji akamzamisha, akamwinua, waumini wakapiga makofi na kuimba pambio. Mwalimu akapanda ngazi akichuruzika maji na kutabasamu, jambo ambalo uso wake haukuwa umelizoea. Ndani ya birika akabaki mwalimu wa kwaya mwingine, kakunja ndita, maji yakimfika kiunoni.

"Na huyo aliyeanzisha pambio, nani kamtuma?" aliuliza yule wa majini. "Kaanza juu mno. Mtapasuka koo."

Mchungaji alimtambua mara moja. Miaka yote alikuwa akihubiri habari za kuuvua utu wa kale, na kitu kikivuliwa lazima kiangukie mahali.

"Mpeni taulo," alisema.

Taulo lilikuwa moja. Mzee wa kanisa, aliyebandikwa jina la Utaratibu kwa sababu hakuna kikao alichowahi kukifungua bila neno hilo, alinung'unika kwamba yeye aliambiwa ajiandae kwa mtu mmoja. Basi wakajifuta kwa zamu. Kabla ya chakula cha mchana watu walikuwa wameshazoea kumwita mmoja Mpya na mwingine Wa Kale.

Mwalimu alikuwa ameiongoza kwaya miaka mingi bila ubatizo, na hakuna aliyemuuliza. Mchuzi ukiwa mtamu, nani humuuliza mpishi habari za moyo wake? Alikuwa na sikio la ajabu na mdomo wa shoka. Mwashi wa sauti ya nne alirushiwa kitabu cha nyimbo kikampata. Mshona nguo wa sauti ya kwanza alikuwa akija mazoezini na leso mbili, moja ya jasho na moja ya machozi. Kisha jioni moja mwalimu akamgeukia mkewe, aliyeimba sauti ya pili, akamwambia mbele ya wote kwamba hata mbuzi aliyefungwa kamba angeishika sauti ile vizuri kuliko yeye. Mkewe hakunyamaza wala hakukosea. Aliimba mpaka mwisho wa ubeti huku machozi yakimtiririka. Usiku ule chakula kilimshinda mwalimu. Aliona aibu, aibu ya kweli, na kulipokucha akaenda kugonga kwa mchungaji kuomba ubatizo.

Baada ya ubatizo mkewe alimshika mkono Mpya wakaenda nyumbani. Wa Kale akawafuata mpaka mlangoni.

"Wewe unaenda wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kwangu."

"Nimeomba miaka yote hii utoke. Umetoka. Sasa nikurudishe ndani, nina wazimu?"

Akafunga mlango. Wa Kale akarudi kanisani, akalala katika chumba cha mavazi, kajifunika majoho ya sauti ya tatu.

Mazoezi yaliyofuata yaliongozwa na Mpya. Alimwomba mwashi msamaha, akamuuliza mshona nguo hali ya watoto, na watu wakalia kwa furaha. Kisha wakaimba. Mpya alitoa sauti ya kuanzia, nayo ikatoka sauti ambayo haimo kati ya zile saba zinazojulikana. Muziki wote ulikuwa umebaki upande wa pili. Waimbaji walitangatanga kila mtu na njia yake, Mpya akiwapungia mikono na kuwaambia, "Vizuri sana, ndugu zangu, vizuri sana," mpaka mlango wa chumba cha mavazi ukafunguka.

"Ng'ombe nyinyi!" alifoka Wa Kale. "Sauti ya tatu mnakwenda msibani?"

Wote wakanyooka palepale.

Mashindano ya kwaya yalikuwa yamekaribia, na kombe lilikuwa limekaa muda mrefu mno kwenye kanisa la ng'ambo ya barabara. Kamati ya Vipawa ikaitwa.

"Kwa utaratibu," alianza Mzee Utaratibu, "kila mtu hutumika kwa kipawa alichopewa. Kipawa cha muziki kiko kwa nani?"

"Kwa Wa Kale," wakajibu.

"Na Mpya ana nini?"

"Ana upole, mzee," alisema mwashi. "Mama yangu mgonjwa husimulia hadithi moja tu, na sisi wanawe tumeshamkimbia. Mpya hukaa naye akaisikiliza kama ndiyo kwanza anaisikia. Sasa mama analala."

Mzee Utaratibu aliwaza.

"Upole hauna idara," alisema.

Mchungaji akajikohoza. "Mimi siku niliyobatizwa," alisema taratibu, "majini hakubaki mtu."

Kila mzee wa kanisa alilikumbuka birika lake, na hakuna aliyependa alichokikumbuka. Mwishowe Mzee Utaratibu akasema huenda wa kwao waliondoka kwa mlango wa nyuma, maana siku zile watu walikuwa wengi. Kamati ikalipokea jibu hilo kwa shukrani na kufunga kwa sala.

Ikaamuliwa hivi: Wa Kale aongoze kwaya, na Mpya ashiriki Meza ya Bwana, kwa kuwa ndiye aliyebatizwa. Suti ilikuwa moja, hivyo wakawa wakibadilishana chumbani kati ya wimbo na mkate, na Mpya akawa anaufikia mkate akiwa na koti lenye joto la mwenzake. Mashindano yalipofika, kwaya iliimba mpaka majaji wakaweka kalamu chini. Wa Kale alipokea kombe na kuwaambia majaji kwamba wamechelewa kuelewa. Watu walimsifu Mungu kwa kipawa kile.

Wazee wakaenda kwa mama, mke wa mwalimu. Walimweleza kwamba chumba cha mavazi kina unyevu, na koo la Wa Kale ni mali ya kanisa. Ampokee tu, angalau siku za baridi.

"Mume niliyemwombea mmempa kazi gani?" mama aliwauliza.

Wazee wakatazama chai yao. Alichotaka mama kilikuwa kimoja tu: kanisa lililomfundisha kuomba limpe nafasi mtu aliyepatikana kwa maombi hayo.

"Tunaliombea jambo hilo," alisema Mzee Utaratibu.

Mama akaacha kwaya. Jumapili ya shukrani alikaa benchi la mwisho, ubavuni mwa mumewe. Mchungaji alihubiri tena juu ya kuuvua utu wa kale, na yalikuwa mahubiri mazuri. Watu walisema amina mpaka madirisha yakatetemeka. Kisha Wa Kale akainua fimbo yake, kanisa likasimama kuimba. Mpya aliimba kwa moyo wote, macho kayafumba, akipita kando ya kila sauti. Mshona nguo, aliyekuwa na homa na hakupanda na kwaya siku hiyo, aligeuka kutoka benchi lililokuwa mbele yao.

"Ndugu, samahani," alimnong'oneza kwa upendo. "Tunashindwa kuisikia kwaya."

Mpya akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mnyenyekevu.

"Imba, mume wangu," alisema mama.

Akaimba. Mama naye, mwenye sauti ya pili iliyo safi kuliko zote pale, akaiacha njia aliyoijua, akaifuata sauti ya mumewe kule ilikokwenda. Mzee Utaratibu akaja kwa kunyata, akawaambia kwamba nje kuna viti vizuri, na kivuli. Walimshukuru, wakatoka, wakakaa, wakaendelea na ubeti wa tatu. Mzee akaurudisha mlango nyuma yao polepole, ili usipige kelele. Ndani kwaya ilikuwa ikiimba vizuri mno.