Donge Lililorudishwa Ndooni

Mwalimu alikuwa ametumbukiza mikono ndooni hadi viwikoni, akiukanda udongo na kupiga mluzi, mtu aliyeridhika na nafsi yake kupita kiasi. Alifundisha ufinyanzi shuleni mpaka mvi zikaanza kumchungulia, ndipo akarudi chuo kikuu kusomea uzamili wa tiba kwa sanaa. Sasa alikuwa katika mafunzo ya vitendo, hospitali ya magonjwa ya akili. Ualimu ulikuwa haujamtoka: donge lisilo na umbo halilali rafuni, hurudi ndooni likakandwe upya.

"Umesafisha mpaka rafu inaona haya," msimamizi wake alimtania, akiegemea mlango. "Chuo kitakupa shahada au ufagio?"

"Vyote viwili, dada. Nimesota mno kuondoka na kimoja."

Kicheko hakijaisha, mgonjwa wao wa asubuhi akaingia. Alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, na tangu aletwe hakuwahi kutamka neno chumbani humo. Kila kikao alifinyafinya donge lilelile, akalifunika kitambaa kilichoroweshwa, akaliweka rafuni, akaenda zake. Mwalimu alikwisha kumwambia msimamizi kwamba huyu bado hajaanza kuumba kitu.

Fundi alikwenda moja kwa moja rafuni. Akapapasa ubao mtupu. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimeanikwa dirishani.

"Mwanangu yuko wapi?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia mkasi.

"Mwanao?"

"Alizaliwa kimya. Wakamfunika, wakaondoka naye. Sikupewa nimshike." Akaangalia rafu. "Hapa nilikuwa namshika."

Mwalimu aliitazama mikono yake. Udongo ulikuwa umeanza kuikaukia, unapasuka kwenye vifundo vya vidole. Darasani walifundishwa kwamba kazi ya mgonjwa hulindwa kama mboni ya jicho, na jambo hilo alilijua barabara. Ila kazi, kwake yeye, ilikuwa kitu chenye mshikio au mdomo. Mhudumu wa usafi alikuwa ametoka humo muda si mrefu; uongo wa kumsingizia ulikuwa umeiva, unangoja kinywa tu. Msimamizi alimkodolea macho, hakumsaidia hata kwa kikohozi.

"Nimemkanda mimi," Mwalimu alisema. "Nilidhani ni udongo tu. Yumo humu ndooni, amechanganyika na udongo wa watu wote."

Fundi alimtazama. Mwalimu alingoja kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Badala yake, yule mama aliivuta ndoo, akachota, akapima kiganjani. Akapunguza. Akaongeza. Mwalimu akanyoosha mkono amsaidie.

"Wewe keti."

Akaketi, asijue mikono aipeleke wapi.

Fundi alilipakata donge jipya kwenye mkunjo wa kiwiko, akafumba macho, akalipima tena.

"Alikuwa mzito kuliko hivi," alisema, akiinamia ndoo. "Kidogo tu."