Mrija Uliogoma Kupinda Kulia

Mrija ulikuwa mmoja tu hospitalini, na fundi wa vifaa alikijua kilema chake. Nchani ulibeba jicho la mawimbi ya sauti. Huingizwa katika mshipa wa kinena, ukapandishwa hadi ndani ya moyo, ukatuma picha kwenye skrini. Mpinini palikuwa na gurudumu dogo la kuipindisha ncha, kushoto au kulia. Waya wa kulia ulikuwa umechoka. Daktari mkuu, badala ya kulilazimisha gurudumu, alikuwa na mazoea ya kuugeuza mpini wote, na fundi alibandika kipande cha plasta upande ule, kiwe onyo baina yao wawili. Katika daftari la ukaguzi, kila wiki, aliandika: "Mzima." Angeandika vinginevyo, mrija ungetupwa, na dada yake, aliyekwisha kungoja mwaka na nusu azibwe tundu la moyo, angezidi kungoja.

Asubuhi hiyo dada alilala mezani macho wazi, ganzi ikiwa kinenani tu.

"Wewe uliyeivunja redio ya baba ukimtafuta msoma habari," alimwambia fundi, "leo ndiwe wa kuchungulia moyo wangu?"

"Safari hii sivunji kitu, dada. Tulia."

"Ukimkuta marehemu shemeji yako humo, usimwamshe. Atataka chai."

Muuguzi akacheka hadi barakoa ikamshuka. Fundi akaenda kukaa nyuma ya kioo, mbele ya skrini na kipaza sauti.

Mlango ulipofunguliwa, aliyeingia hakuwa daktari mkuu; huyo alikuwa ameamka na homa. Aliingia daktari mgeni, mwanamke wa maneno machache. Akaushika mpini, akaiona plasta, akaibandua kama mtu aondoaye uchafu, akaitupa.

Fundi aliona. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingeahirisha kazi, na dada alikuwa ameshalazwa, ameshachomwa ganzi, ameshafanya mzaha wake. Akajipa moyo kwamba mikono ya daktari itauhisi ule uzito wa gurudumu yenyewe. Akayarudisha macho kwenye skrini.

Kwa robo saa picha zilikuwa safi. Kisha daktari akasema, "Nataka kulia zaidi," akakaza gurudumu.

Fundi akabonyeza kitufe. "Daktari, usi..."

Gurudumu lilikuwa limekwisha kukwama.

"Halirudi," daktari akasema. Sauti yake haikupanda. "Ncha imebaki imepinda. Nikiuvuta hivi, nitauchana moyo. Fundi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Chumba kizima kilisikia, na dada pia.

"Unafunguliwaje?"

"Mpini ukatwe. Waya ukilegea, ncha itanyooka. Lakini nyaya za picha zimo humo humo. Zitakatika pia."

"Upo mwingine?"

"Haupo."

"Basi njoo ukate."

Akavaa aproni nzito ya madini ya risasi, kinga ya mionzi, na glavu, akapokea koleo kwa muuguzi. Mita moja kutoka usoni pa dada yake, akaukata mpini. Skrini ikawa nyeusi. Daktari akauvuta mrija taratibu, ukatoka umelegea kama kamba iliyolowa. Moyo ulikuwa salama, na tundu lake lile lile.

"Leo haiwezekani tena," daktari akasema, akavua glavu na kutoka.

Dada alikuwa anatazama dari.

"Kuagiza mwingine huchukua muda gani?"

"Sijui, dada."

"Mwaka?"

"Sijui. Kweli sijui."

Alivuta pumzi, ile pumzi yake fupi isiyofika mwisho. "Wanangu wakikuuliza, sema umeme ulikatika. Wanampenda mno mjomba wao."

Muuguzi akamgusa fundi bega, akamwomba asogee, kitanda kipite.