Mkono wa Dada Kwenye Ajenda ya Sita

Dada yangu ana hisa kumi kumi katika kampuni tisa, na ukimsikia anavyozitaja utadhani ni mashamba. "Benki yangu imepakwa rangi upya," ataniambia. "Saruji yangu imeshuka bei wiki hii, lakini itapanda, ina tabia hiyo." Siku moja alimkemea mlinzi wa benki kwa sababu mlango ulikuwa na vumbi. Mlinzi akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akaenda kutafuta kitambaa.

Gawio lake la mwaka mzima halinunui hata jozi ya viatu. Yeye husema haba na haba hujaza kibaba. Mimi humjibu kwamba kibaba chake kina tundu. Lakini hakuwa akifuata gawio. Alichokipenda ni mkutano mkuu wa mwaka.

Miaka thelathini alikuwa opereta wa simu, kwenye chumba kisicho na dirisha, akiwaunganisha watu ambao hawakuwahi kumwona. Mtu anasema nipe hospitali, anapewa hospitali, basi. Alipostaafu akanunua hisa zake za kwanza, akaletewa barua ya mwaliko yenye jina lake kamili, akaenda akaketi mstari wa mbele. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono kumbukumbu za mkutano uliopita zipitishwe. Kwa desturi wakuu wa meza ya mbele hawaungi mkono hoja zao wenyewe. Lazima ajitokeze mwanahisa wa ukumbini. Watu kimya. Dada akainua mkono. Akapigiwa makofi, akaandikwa kwenye kumbukumbu, picha yake ikatoka kwenye kijitabu cha kampuni.

Tangu siku hiyo hakukosa mkutano wala hoja, na watu wakambandika jina: Mama Naunga Mkono. Wanahisa wadogo, ambao wengi wao huja kwa sababu ya chakula cha mchana, wakazoea kumtazama yeye. Mkono wake ukipanda, na yao inapanda. Wake ukishuka, wanarudi kunong'onezana kama mwaka huu kutakuwa na kuku au samaki.

Mimi sikuwa na neno juu ya hayo. Kila mtu na starehe yake. Mimi ni mtia rangi kwenye kiwanda cha nguo, mwaka wa kumi na nane huu, na kiwanda chetu ni mojawapo ya kampuni zake tisa. Kilipoingia soko la hisa, sisi wafanyakazi tuligawiwa hisa hamsini hamsini, na wengi wetu tulisahau tulipoziweka karatasi.

Chumba cha rangi ukikiingia asubuhi huoni miguu ya mtu. Mvuke wa mapipa umejaa hadi kifuani, vichwa vinaelea juu yake vikisalimiana, na vitambaa vinapita hewani, vya kijani, vya zambarau, vikijiendea vyenyewe. Wageni hukohoa wakatoka. Mimi hujihisi nimelala na nimeamka kwa wakati mmoja, na nikiulizwa raha yangu iko wapi duniani, nitasema iko pale.

Mwaka huu barua ya mwaliko ilikuwa na ajenda saba. Ya sita ilisema: kupitisha pendekezo la kuboresha mfumo wa uzalishaji. Msimamizi wetu, mtu asiyejua kupaka maneno mafuta, alitukusanya katikati ya mapipa akatueleza maana yake. Chumba cha rangi kitafungwa. Vitambaa vitanunuliwa vikiwa vimeshatiwa rangi huko vinakotoka. Watu arobaini na mmoja kwaheri.

"Wanaamua kwa kuinua mikono," akasema, akinitazama mimi. "Na mikono mingi ukumbini ni ya watu wadogo. Na watu wadogo wanamtazama dada yako."

Jioni hiyohiyo nikaenda kwa dada.

"Ajenda ya sita usiiunge mkono," nikamwambia hata kabla sijaketi.

"Ya sita ndiyo ipi?"

"Ya kutufukuza kazi."

Akavaa miwani, akasoma barua mara tatu. "Mbona hawajaandika hivyo?"

"Sasa dada, ulitaka waandike hivyo?"

Akaiweka barua mezani akainyoosha kwa kiganja. "Mdogo wangu, nimekaa zamu za usiku miaka sita ili usome. Unafikiri nitainua mkono huu kukunyang'anya kazi? Nitasimama, nitasema napinga. Wazi kabisa."

Wiki nzima alifanya mazoezi akiosha vyombo. "Mheshimiwa mwenyekiti, napinga." Sauti ilikuwa ileile ya simu, laini, ya kumwomba mtu asubiri kidogo.

"Ongeza ukali," nikamwambia.

"Nikiongeza ukali nakohoa."

Tukacheka. Nilikwenda kulala nikiwa na uhakika, na nilikuwa sijalala vizuri tangu barua ilipokuja.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa na baridi na zulia zito linalomeza nyayo. Viti vilikuwa vimevishwa nguo nyeupe. Mapazia yalifungwa, taa zikapunguzwa ili tuone takwimu ukutani, na mwenyekiti akaanza kusema kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Nilikaa katikati, msimamizi wetu mbele yangu, fundi wa mapipa kando yangu. Dada alikuwa kwenye mstari wake wa kwanza, gauni limepigwa pasi, mgongo umenyooka.

Ajenda ya kwanza. Nani anaunga mkono? Mkono wa dada ukapanda, ukumbi ukapanda nao, ukashuka. Ya pili. Ya tatu. Hakukuwa na haraka wala kelele, mikono ikipanda na kushuka gizani, na ile sauti ikiendelea, asante, asante sana, imepita. Hesabu za mwaka. Posho za wakurugenzi. Macho yangu yakaanza kuwa mazito. Nakumbuka niliwaza kwamba mahali hapa pana usingizi mtamu, na kwamba mwenyekiti ana meno mazuri.

"Ajenda ya sita," akasema, kwa sauti ileile. Akasoma maneno ya barua. Kisha akamgeukia dada akatabasamu. "Mama yetu wa siku zote?"

Mkono ukapanda.

Niliuona ukipanda polepole, na nyuma yake mikono mingine, mstari kwa mstari. Msimamizi wetu aliinua wake. Fundi wa mapipa, ambaye ana watoto watano, wake ulikuwa juu kabisa. Nikatazama wangu, nao ulikuwa umeshafika begani.

Mazoea yana taabu, jamani.

"Dada!" Nilisimama nikapiga kelele. "Dada, shusha mkono!"

Tangu nizaliwe sijawahi kumpazia dada yangu sauti, seuze mbele za watu. Akageuka. Akanitazama mimi, kisha akautazama mkono wake kule juu, kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mfukoni. Akaushusha upesi. Ukumbini mikono ikashuka, mmoja mmoja, watu wakiulizana kuna nini.

"Asanteni," mwenyekiti akasema. "Mikono nimeiona. Imepita."

"Hujauliza wanaopinga!" nikasema.

"Katibu ameshaandika, mama. Tafadhali keti."

Na kweli katibu alikuwa ameshaandika. Fundi wa mapipa akanivuta gauni nikaketi. Alikuwa akirudia, mimi pia niliinua, mimi pia niliinua.

"Ajenda ya saba na ya mwisho," akasema mwenyekiti. "Nani anaunga mkono tufunge mkutano?"

Watu wote wakamtazama dada. Dada alikuwa ameingiza mikono chini ya mapaja, ameikalia.

"Mama yetu?"

Akatikisa kichwa.

Mwenyekiti akauliza ukumbi mzima. Hakuna aliyejisogeza. Wahudumu walikuwa wamefungua mlango wa nyuma, harufu ya chakula ikaingia, na hata hivyo hakuna. Nami nikaanza kuwaza kwamba mkutano usipofungwa haujaisha, na usipoisha hakuna kilichoamuliwa. Tunaweza kuketi hapa mpaka nywele ziwe nyeupe, mapazia yamefungwa, na kule kiwandani mvuke ukipanda na mapipa yakitungoja. Watu arobaini na mmoja, wote bado na kazi. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote mwaka huu.

"Kwa mara ya tatu," mwenyekiti akasema, na safari hii sauti haikubembeleza.

Dada alikuwa analia. Machozi yalimshuka hadi kidevuni na hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono alikuwa ameikalia na aliogopa kuitoa. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, yeye aliyependa kutazamwa. Hasira yangu ilikuwa bado mbichi na sehemu moja ya moyo wangu ilisema mwache, mwache akae hivyohivyo. Lakini angekaa. Hilo ndilo nililolijua pale. Kwa ajili yangu dada yangu angeikalia ile mikono mpaka ife ganzi, mpaka usiku, mpaka waje walinzi kumbeba na kiti.

Nina hisa hamsini. Nikainua mkono.

"Naunga mkono," nikasema.

Katibu akainua kalamu akaniuliza jina langu. Nikamtajia yote mawili, taratibu, asikosee. Kisha nikaenda mbele kumfuta dada yangu uso.