Mkate kwenye Mizani ya Watoto

...jana, Jumapili, saa tatu na dakika kumi asubuhi, hapo ndipo ilipoanza, si hapa mezani, dakika naikumbuka kwa sababu saa ya ukutani ya mama iko nyuma kwa dakika saba na kila nikiitazama najumlisha, ilionyesha saa tatu na dakika tatu, nikajumlisha saba, na mama akaingia jikoni amepakata kitu ndani ya taulo... na leo ni Jumatatu, saa kumi alasiri, na msimamizi wangu anachovya mkate kwenye chai, anauacha ulowe mpaka unataka kukatika, kisha anauwahi kwa mdomo kabla haujadondoka, chai inamtiririka kidevuni, na anaongea, Mungu wangu, anaongea huku anatafuna, "kazi hii ni uaminifu, mdogo wangu," na chembe inaruka kutoka kwenye neno uaminifu inatua juu ya fomu yangu, kwenye safu ya bei, nyeupe, imelowa, na sitaki hata kuifuta kwa kidole. Desimali, ndivyo tunavyomwita akiwa hayupo, kwa sababu haamini namba isiyo na nukta, na sasa ananitazama anasubiri saini, peni ninayo mkononi, saini yenyewe ni herufi nne na mkia, sekunde mbili, nimeshaiweka mara tano tangu niajiriwe, kila mwezi mara moja, na mara zote tano sikusikia harufu yoyote, mbona leo nasikia harufu ya siagi iliyochacha, au ni yeye, au ni mimi... Maduka kumi na mawili, vitu arobaini na saba, hiyo ndiyo kazi yangu, naingia dukani na fomu, nauliza bei, naandika, natoka, na yule muuzaji wa duka la kwanza hupaza sauti kila akiniona, "dada wa bei kaja, shikeni bei zenu zisikimbie!" na watu wanacheka, hata mimi nacheka, halafu fomu zinapanda ghorofa ya nne, zinachanganywa na za wenzangu, inatoka namba moja tu ya asilimia, yenye nukta, na waziri anaisoma kwenye televisheni kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, maisha yamepanda kwa asilimia mbili nukta moja, mkate haujapanda hata senti, na ni kweli, haujapanda, mimi ndiye niliyeandika haujapanda. "Unanisikia lakini?" Namsikia. "Mwenye duka alikutajia bei gani?" Ileile. "Na wewe ukaandika?" Ileile. "Sasa kosa unalolisema liko wapi?" Anacheka, naona mkate ukiwa njiani ndani ya kicheko chake, nainamisha macho kwenye fomu, mstari wa tisa, umechapwa na mashine kabla fomu haijanifikia, Mkate mweupe, gramu 400, na mbele yake kijisanduku cha bei, mimi hujaza bei tu, gramu ni za mashine, na kwa miezi yote hii sikuwahi kuupindua mfuko... mimi, ninayejumlisha dakika saba kwenye saa ya watu, sikuupindua mfuko. Jana mama alitandaza taulo mezani, akaenda kuileta ile mizani yake, mizani ya watoto wachanga, sahani yake imekwanguka rangi, alipewa siku alipostaafu ukunga kwa sababu hospitali ilikuwa inaitupa, miaka tisa iko juu ya kabati inahifadhi sindano za kushonea na vitambaa, akaifuta, akairudisha sindano ya mizani kwenye sifuri kwa kijiti cha kiberiti, akaulaza mkate kwa mikono miwili, kichwa kwanza, naapa aliulaza kichwa kwanza, akajisogeza akavaa miwani. "Huyu nilimpokea na gramu mia nne," akasema. "Leo ana mia tatu na arobaini. Mtoto gani huyu, mwanangu, hakui, anarudi tumboni?" Nilicheka. Hakucheka. "Kadi yake ya kliniki anaijaza nani?" Alikuwa anajua anayeijaza ni nani, anajua kazi yangu kuliko anavyojifanya, akaupindua mfuko, akakunjua pale plastiki ilipogandishwa chini, na ndani ya kunjo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, gramu 340. Wameandika! Hawakudanganya mtu, wameandika, kwenye kunjo, basi ni nani aliyedanganya... Wizara ilipandisha kodi ya unga mwezi ule nilioajiriwa, wiki hiyohiyo ikaondoa ruzuku ya dizeli, na wiki iliyofuata, watu walipoanza kupiga kelele, ikatangaza bei elekezi ya mkate, ole wake atakayeupandisha, leseni itafutwa, na sisi tukapiga makofi, mimi nilipiga makofi, mbele ya televisheni, nikiwa na shahada, mimi niliyefundishwa mihula mitatu kwamba ukikibana kitu juu kitatokea upande mwingine, nikapiga makofi, na mwokaji afanye nini, unga umepanda, dizeli ya tanuri imepanda, bei imefungwa kamba, akaukata mkate, bila kisu, akaukata ungali donge, mfuko ukabaki mkubwa vilevile, umejaa hewa, tunanunua hewa iliyokunjwa vizuri, kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa, na simlaumu, ajabu, yule mwokaji simlaumu, aliyeandika gramu 340 hata kwenye kunjo ni mkweli kunishinda. "Sisi hatupimi," anasema Desimali, anafuta mdomo kwa ukingo wa gazeti, "sisi tunauliza. Wenye kupima wako jengo lile la pili, nao wanapima mizani, hawapimi mkate. Ukishathibitishwa kazini utapima hata mawingu, nani atakukataza?" na anafungua droo kidogo, upana wa vidole viwili, naiona bahasha yenye jina langu, anaifunga tena, taratibu, kama mtu anayemwonyesha paka samaki. "Ijumaa miezi yako sita inatimia. Saini, tufunge mwezi. Hata kesho kabla ya saa tatu, mimi sina haraka." Hana haraka. Nani mwenye haraka basi, mama hana haraka, mama pensheni yake inaongezwa mara moja kwa mwaka kwa kiasi kilekile cha asilimia inayotoka ghorofa ya nne, mbili nukta moja, mwezi ujao wanaongeza tena, na asilimia hiyo ndani yake umo mkate wangu wa mstari wa tisa, na sabuni, mstari wa ishirini, je, sabuni niliipindua, na njiti za kiberiti, nani aliwahi kuzihesabu, arobaini na saba, Mungu wangu, vitu arobaini na saba nimevitazama usoni tu kama mtu anayechumbia kwa picha... na hilo si baya zaidi, baya zaidi ni hili linalonijia sasa hivi, alipomaliza kupima aliukata mkate, akanipa vipande viwili, akampa mdogo wangu viwili, akajimiminia chai tupu, na nikamuuliza, "wewe je, mama?" akasema, "mimi asubuhi siku hizi sina hamu," na nilishaisikia hiyo, nimeisikia kila asubuhi tangu mfuko ujazwe hewa, sina hamu, tumbo limejaa, uzee huo, na kila mara niliipokea, nikaiandika kichwani, kama kawaida, hakuna mabadiliko, bila kupima, mkunga wa miaka thelathini kazini ananitajia bei ya njaa yake na mimi naandika ileile na kuondoka. Naona kichefuchefu. Si cha huyu. Nilidhani ni cha huyu, kidevu chake, chembe yake iliyolala kwenye safu yangu, lakini huyu anakula tu, naye ukimtazama vizuri shati lake limegeuzwa kola, upande uliochakaa umeshonewa ndani, amekatiwa vipande vitatu nyumbani kwake na mtu ambaye labda asubuhi naye hana hamu, na hajui, au anajua, ndiyo maana anatafuna kwa kelele... Kuna fomu za kijani. Ziko kwenye rafu nyuma yake, juu kabisa, zimeshika vumbi, Fomu ya Marekebisho, kila mtu anazijua na hakuna anayezigusa, ukijaza inaingia kwenye bahasha ya kunata na kupanda ghorofa ya nne moja kwa moja, msimamizi haruhusiwi kuifungua, na huko juu hawana ruhusa ya kuikataa, lazima warudie hesabu, ndivyo mwongozo unavyosema, ukurasa wa thelathini na moja, niliusoma wote siku ya kwanza, labda mimi peke yangu niliusoma wote, na ukurasa wa thelathini na mbili unasema mtumishi wa majaribio mwenye fomu tatu za kijani mkataba wake umekwisha. Tatu. Mimi nina miezi mitano ya kurekebisha. Desimali anachukua kipande cha mwisho, anakichovya, anakiinua, kimelowa, kinaning'inia. "Unatazama nini huko juu?" Hakuna. "Basi saini, dada." Kipande bado hakijakatika, peni bado iko juu ya fomu, chembe bado iko pale ilipotua, imeanza kukauka.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, saa moja na nusu, niliingia duka la kwanza nimeikumbatia mizani ya mama, yule muuzaji akapaza sauti, "dada wa bei, umejifungua lini?" na watu wakacheka, nikaulaza mkate, nikangoja sindano itulie, na hapo wakaacha kucheka, mama mmoja kwenye foleni akasema nipimie na wangu. Saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa ofisini peke yangu. Nikapiga mstari kwa rula juu ya 400, nikaandika 340, nikasaini. Kisha nikapanda kwenye kiti, nikateremsha fomu za kijani, nikapuliza vumbi, nikahesabu tano. Bei, ileile. Uzito, haukupimwa. Sababu ya kosa, sikuupindua mfuko. Na chini kabisa, kwenye kijisanduku cha jina la aliyekosea, nikaandika langu, lote, kwa herufi kubwa, mara tano.