Nyumba Isiyo na Hata Ngazi Moja

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, toka jiwe la msingi hadi bati la mwisho. Naapa kwa kaburi la babu yangu, na kama babu hatoshi, naapa kwa bukari niliyokula mchana huu na bado iko tumboni inanisikiliza. Sijaongeza chumvi hata punje. Asiyeamini awaulize watu wa Kolwezi, na akikuta mmoja anayebisha, ajue huyo ni mgeni, ameshuka jana kutoka Lubudi.

Tata Kalenga alikuwa na miaka miwili tangu astaafu pale mwanawe wa kwanza, Mechack, mwenye malori mawili yanayobeba mizigo hadi Kisenge, alipomjia na habari njema. Alimkuta barazani anachambua maharagwe na mama Domitille, mkewe.

"Tata," Mechack akasema, "umetulea batoto saba. Sasa ni zamu yangu. Nakujengea nyumba. Na haitakuwa nyumba ya kuinama hapa chini kama banda la kuku. Etaji! Chumba yako juu kabisa, na balkoni. Kila asubuhi unakunywa chai yako kule, batu bote ba kartie, mtaa muzima, banakuona."

Mama Domitille alipiga kigelegele. Tata Kalenga alitabasamu kwa midomo, lakini moyo wake ulishuka hadi kwenye ndala.

Maana mzee yule alikuwa na siri. Aliogopa juu. Si kuogopa kwa kawaida, kama mtu anavyoogopa nyoka au mama mkwe. Akisimama juu ya kiti abadilishe balbu, alishuka kabla hajaigusa, wakalala gizani. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba, na kazi yake ilikuwa kukaa getini na kuandika namba za malori. Hata kile kiti cha getini alikikata miguu kwa msumeno, akawaambia wakubwa kwamba ni mchwa.

Angesema tu basi, si ndiyo? Hapana, hangeweza. Kwa sababu mtaa mzima ulimjua kama mtu aliyepanda bomba la moshi la kiwanda. Hadithi hiyo aliitunga mwenyewe alipokuwa kijana anamchumbia Domitille, na kila mwaka bomba liliota mita chache zaidi. Alipanda peke yake, upepo ukivuma, kumtoa bundi aliyejenga kiota mle. Kufika juu aliona hadi Lubudi, akamwona mama mkwe wake anaanika mihogo, akampungia mkono, na mama mkwe naye akampungia! Mtu wa namna hiyo ataambiaje watu kwamba anaogopa balkoni?

Na siyo hofu peke yake. Kulikuwa na mapenzi pia. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amemsindikiza mkewe kwa Abigaëlle, yule wa duka la dawa, aliyejenga nyumba ya kisasa upande wa barabara mpya. Nyumba ya chini, ndefu, imejinyoosha kwenye nyasi kama mtu aliyeshiba. Paa lake limeteremka hadi barazani na kuweka kivuli. Madirisha mapana, ukuta kwa ukuta. Jiko halikujificha nyuma. Linatazamana na sebule, mpishi anasonga bukari huku anasengenya na wageni. Vyumba vyote vinne vimepangwa upande mmoja, na kila kimoja kina mlango wake wa kutokea bustanini. Tata Kalenga aliizunguka yote kwa dakika tatu, na mguu wake haukunyanyuka hata kidogo kupita kizingiti. Alirudi nyumbani kimya kama mvulana aliyeona msichana kanisani.

Sasa Mechack alikuwa amekwisha kumwita mchoraji wa nyumba, binti mmoja aitwaye Ndaya, aje Jumatano kupima kiwanja. Zilibaki siku tatu za kuiokoa nyumba ya chini. Basi mzee akafanya anachokijua. Akadanganya.

Jumapili, walipotoka misa, alimshika mkono jirani yake, tata Stany, mwenye etaji pekee pale mtaani, yenye rangi ya waridi.

"Stany, ndugu yangu, nina huzuni. Mechack anataka kunijengea etaji kama yako, lakini kiwanja changu chini ni kitupu. Ukikanyaga, kinalia ndu, ndu, ndu, kama ngoma. Nyumba nzito ikikaa pale, itazama yote na sisi ndani."

Stany alisimama. "Kuko tundu?"

"Tundu kubwa."

"Chini ya kiwanja yako?"

"Chini kabisa."

Stany akakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu motoni, akaondoka mbio. Hapo ndipo tata Kalenga alipaswa kushtuka, mtu aliyezaliwa Kolwezi! Mahali pengine ukisema chini ya kiwanja chako kuna tundu, watu watakupa pole. Hapa watakuja na magunia. Kwetu tundu haliji bure. Kama lipo, kuna mtu alichimba, na kama alichimba, alifuata kitu.

Jumatatu asubuhi mama Domitille alifungua mlango akakuta wachimbaji thelathini wamejipanga kwenye ua wake, na sururu, koleo na kamba, vijana kutoka kila pembe ya Kongo, wameshika kofia mikononi kwa heshima. Mkubwa wao, Hénock, alitoa kichwa mbele.

"Mama, jambo. Tunasikia kwenu kuko shaba, na kobalti nayo. Tunaomba ruhusa ya tata."

"Kalenga!" mama akaita. "Kuja uone bageni bako!"

Mzee alitoka na mswaki mdomoni. Akawaza haraka. Akisema tundu hakuna, etaji itasimama. Akisema lipo, wataharibu ua. Kati ya ua na balkoni, alichagua balkoni isijengwe.

"Chimbeni," akasema. "Lakini polepole, musianguke ndani."

Walichimba siku mbili, mita kumi na nne kwenda chini. Mtaa mzima ulihamia pale. Akina mama waliuza maandazi na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, watoto walikataa kwenda shule. Walichopata ni kopo moja la dagaa na udongo mwekundu, udongo juu ya udongo, mgumu hadi sururu zikapinda pua.

Jumatano Hénock alitoka shimoni amejaa vumbi, na pale juu walikuwa wamesimama Mechack na Ndaya na karatasi zake.

"Tata, tundu haiko," Hénock akasema. "Na hii udongo, mi sijaona nguvu kama hii. Unaweza kutandika kanisa juu yake, na padri ndani, na haitikisike."

Mechack akaruka kwa furaha. "Umesikia, Tata? Nguvu! Basi tuweke etaji mbili!"

Uongo wake mwenyewe ulikuwa umempandisha ghorofa moja zaidi.

Ndaya, ambaye alikuwa mpole na hakujua lolote, akammaliza mzee kabisa. "Tata, mbele ya kuchora, nataka kujua unapenda balkoni itazame wapi. Tupande kwa tata Stany kidogo, unionyeshe. Kwa mtu aliyepanda bomba, ni kitu gani?"

Watu wote wakacheka na kupiga makofi. Hakuna pa kukimbilia. Tata Kalenga akaingia kwa Stany kama mbuzi anayeingizwa sikukuuni. Ngazi ya kwanza akapanda. Ya pili akapanda anaimba wimbo wa kanisa. Ya tano wimbo ukakatika. Walipofika juu, waliona jambo ambalo Stany hakuwahi kulisema: vyumba vya ghorofani vilijaa magunia ya mahindi hadi dirishani.

"Stany, weye unalala wapi?" Mechack akauliza.

"Chini, ku salo, pa kupokea bageni," Stany akajibu akitazama viatu vyake. "Kupanda hapa kila siku, na hii kiuno... mi nilichoka mwaka wa kwanza."

Kisha Ndaya akafungua mlango wa balkoni. Tata Kalenga aliweka mguu mmoja nje, akaona vichwa vya watu chini kama maharagwe kwenye ungo, akashika nguzo kwa mikono miwili, akaikumbatia, akafumba macho.

"Tata?" Mechack akasema. "Tata, iko nini?"

"Mechack, mutoto wangu. Ile bomba mi sikupanda."

"Namna gani?"

"Nilipita chini yake. Na hata chini nilipita mbio."

Waliokuwa barabarani wakasikia yote. Halafu sauti ya mama Domitille ikapaa: "Kalenga! Mi nilijua toka mwaka tulioana! Mama yangu hakuwa na mihogo! Shuka, chai inapoa!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi sokoni. Mzee alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, macho yamefumbwa. Kule chini Mechack hakucheka. "Mi nilitaka batu bakuone, Tata," akasema kwa sauti ndogo. "Umekaa getini miaka yote ile, hakuna mutu alikuona."

Hapo uongo ulimwisha mzee, akabaki na ukweli mtupu. "Nipe nyumba ndefu, ya chini," akasema. "Baraza mbele, upana wote. Nikae pale, weye ukitokea kule barabarani na lori yako, nikuone mbele hujazima injini, na niamke nikupokee bila kutafuta ngazi. Mama yako aniite toka jikoni, nisikie. Bajukuu bakimbie toka chumba ya kwanza mpaka ya mwisho, batokee bustanini. Kuonekana, nitaonekana. Lakini niko chini, na batu benzangu."

Mechack akamshika babake mkono. Kisha akamgeukia Ndaya: "Chora ndefu. Ndefu mpaka etaji zione haya."

Hénock akakohoa. "Na shiye tuliochimba bure?" Basi tata Kalenga akachinja mbuzi wawili, wakala wote thelathini, na shimo akalifukia mwenyewe kwa koleo, wiki nzima, vijana wameketi ukingoni wanamhesabia na kumwimbia. Leo nyumba ile imejinyoosha pale pale. Jioni baraza linajaa, na Stany ndiye wa kwanza kuvuta kiti.

Ningeishia hapo, lakini nilifanya kosa la kumsomea mama Domitille karatasi hizi. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Thelathini? Balikuwa kumi na moja. Shimo ilikuwa mita nne. Mbuzi ilikuwa mmoja, tena mwembamba. Na hakushuka kwa makalio. Hénock alimbeba mugongoni kama gunia. Weye ulikuwa pale, ulishika viatu vya Kalenga. Na uliapa!"

Nimekosa, na faini imekatwa palepale: nipake chokaa nyumba nzima, ndani na nje, na nyumba yenyewe ni ndefu. Brashi ninayo mkononi, ndoo iko miguuni. Tata Kalenga ameketi barazani na chai yake, ananionyesha kwa kidole kila nilipoacha doa. Jambo moja tu linanipa moyo: brashi inafika hadi chini ya bati, na mimi sijapanda kitu chochote.