Finjani ya Kwanza

Ami Khelef hakutaka kukaa. Alizunguka sebule ya Bibi Khole, hapa Ibra, Omani, akichezesha funguo za gari. Alikuja kumwambia mama yake kwamba mwaka huu Idi italiwa kwake Nizwa, nyumba hii ifungwe, na yeye ahamie huko moja kwa moja.

Bibi alikaa pahala pake pa siku zote. Mie nilishika dele la kahawa.

"Saliha, wewe si unasomea historia?" aliniuliza Ami. "Mwambie bibi yako. Hata wafalme walihama."

"Walihama," nilisema. "Wasumeri, watu wa kale wa Iraki, walisema ufalme ulishuka kutoka mbinguni, kisha ukawa unahama mji hadi mji. Mji wa Kishi ulitawaliwa na mwanamke, Kubaba, muuza pombe."

"Astaghafirullah!" Bibi alisogea karibu. "Enhe?"

"Kishi ikapigwa, ufalme ukapelekwa mji wa Akshaki."

"Umesikia, mama?" Ami alicheka. "Mie ndiye Akshaki."

"Huko Akshaki ni wapi sasa?" aliuliza Bibi.

"Hapajulikani, Bibi. Majina ya wafalme wake yamebaki; mji wenyewe watu wanaukisia tu, huenda karibu na mto Dijla, Iraki. Na ufalme ulirudi Kishi, kwa mwana wa Kubaba."

Ami aliacha kucheka. Alikaa, akaninyooshea mkono. "Khalas, mimina. Nina safari."

Kwetu finjani ya kwanza ni ya mkubwa wa nyumba, na dele haliendi kwa mwengine mpaka atikise finjani yake kuonyesha ametosheka. Niliupita mkono wa Ami, nikammiminia Bibi.

Akanywa, akairudisha bila ya kuitikisa. Nikajaza. Akanywa. Nikajaza tena. Goti la Ami lilianza kucheza.

"Mama, tikisa, nasi tunywe!"

"Kahawa tamu, mwanangu."

"Moyo utakwenda mbio!"

"Ukisimama, mutanizika hapa hapa Ibra. Saliha, mimina."

Nilimimina mpaka dele likawa jepesi. Ami alitazama mlango, akatazama finjani, akazitupa funguo juu ya sinia.

"Haya! Idi hapa."

Bibi akaitikisa finjani.

"Mwaka huu," aliongeza Ami.

Bibi alininyooshea finjani tena.